Mlango wa Mzee Toader

Watu wengi hudhani kwamba methali isemayo nyumba njema si mlango ilitungwa kwa ajili ya wachumba, ili kijana asije akaoa sura akasahau tabia. Ni kweli, na wengi imewaokoa. Lakini wapo waliokutana na methali hii ikiwa imevaa udongo na mbao, ikawapiga pale pale inapopataja, mlangoni. Mmoja wao ni Smaranda, binti wa Poiana Mierlei, kijiji cha milimani kaskazini mwa Romania, aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo katika mji wa Iași.

Smaranda alilelewa na babu yake, Mzee Toader, na bibi yake, Paraschiva. Wazazi wake walikwenda Italia kuchuma matunda na kulea wazee wa watu, wakawa wanarudi Pasaka hadi Pasaka. Kwa hiyo mtoto aliyajua mapenzi ya wazee wawili hao kabla hajayajua mengine. Babu alimpenda kama mboni ya jicho lake. Smaranda alipochaguliwa kusomea kazi ya kubuni nyumba, mzee alitembea kijiji kizima akimwambia kila aliyemsikiliza, na wengine wasiomsikiliza, kwamba sasa ukoo wao umepata mtu wa kuwafundisha watu kujenga.

Nyumba ya wazee hao ilikuwa ya magogo yaliyokandikwa udongo na kupakwa chokaa, nayo ilisimama juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo upepo wa kaskazini haukuwa na kizuizi. Mlango wake ulifunguka kutoka barazani moja kwa moja hadi sebuleni. Kila aliyeingia wakati wa theluji, baridi iliingia naye, ikakaa kuliko mgeni mwenyewe. Jiko la kuni lilikula miti mchana na usiku, na bado Mzee Toader alilala na kofia ya manyoya kichwani.

Basi katika mwaka wake wa nne, wanafunzi wa usanifu walipewa mashindano makubwa. Kila mmoja alitakiwa abuni kitu kidogo, akijenge kwa mikono yake kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo, akiache kipitiwe na baridi ya msimu mmoja, kisha mwezi Machi mwamuzi angekuja kukikagua. Mshindi angepelekwa ng'ambo kufanya kazi mwaka mzima miguuni pa wasanifu mashuhuri. Smaranda hakuwaza mara mbili. Aliiwazia nyumba ya babu yake na ule mlango uliokuwa ukiingiza baridi.

Majira ya joto yote aliyatumia pale barazani. Aliiziba baraza ya zamani akaifanya kishoroba chenye kona: unaingia kwa mlango wa nje, unapinda kushoto, ndipo unakutana na mlango wa ndani. Upepo ukiingia hugonga ukuta, unazunguka kidogo, unachoka. Ukuta wenyewe aliujenga kwa udongo uliokandwa na mabua ya ngano, mnene na wenye kupinda, na ndani yake akapachika vitako vya chupa za rangi ili mwanga upite. Nguzo ya zamani ya baraza aliiondoa, boriti ya paa akailaza juu ya ukuta huo mpya, ukawa unabeba na kukinga kwa wakati mmoja. Mlango wa nje aliuunda kwa mbao za mwaloni zilizotoka kwenye zizi lililobomoka. Ulipokamilika, watu wa vijiji jirani walikuja kuutazama, na gazeti la mkoa likaweka picha yake.

Mwalimu wake, Profesa Valeriu Hodor, ambaye ndiye angekuwa mwamuzi, aliziona picha hizo darasani Iași. Alizitazama muda mrefu, akavua miwani. "Huu si mlango tu," aliwaambia wanafunzi. "Huu ndio nyumba yenyewe. Mtu akiuona huu hana haja ya kuona kingine." Huenda maneno hayo yalikuwa kilemba cha ukoka, huenda yalikuwa ya kweli, Smaranda aliyavaa hivyo hivyo, nayo yalimkaa vizuri.

Kijijini kwao wazee hujiandalia majeneza mapema, kama watu wengine wanavyoweka akiba ya unga. Hakuna anayeona ajabu. Jeneza la Mzee Toader lilikuwa la msonobari, limekaa juu ya dari ya ghala kwa miaka, na Bibi Paraschiva alihifadhi humo maharagwe makavu. Mwezi Oktoba mvua ya mawe ililitoboa paa la ghala. Bibi akasema jeneza lihamishiwe ndani ya nyumba kabla halijaoza na kabla maharagwe hayajaota.

Mzee Toader alimwita jirani yake, Neculai, mtu mwenye mabega mapana na mdomo usiojua kupumzika. Wakayamwaga maharagwe, wakalibeba jeneza, mmoja mbele mwingine nyuma, wakaingia kishorobani. Kwenye kona wakakwama. Walirudi nyuma, wakajaribu tena. Wakalilaza ubavu, likakwama. Smaranda alikuwa likizoni. Alisimama uani na bakuli la maharagwe mkononi, akiona ubavu wa jeneza unavyoukwaruza ukuta wake.

"Lisimamisheni wima," alisema.

Wakalisimamisha wima, likapita. Neculai akatoa kichwa nje akiwa anahema. "Mzee Toader, pole ndugu yangu. Kwa nyumba hii, siku yako ikifika itabidi utoke unatembea."

Wote walicheka, na mzee mwenyewe akacheka. Kisha kicheko kikamwisha taratibu. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akashika tama.

"Baba yangu alitokea hapa," alisema. "Na baba yake. Wamelala, miguu mbele, mabegani mwa watu. Anayetoka dirishani ni mwizi, au yule maskini aliyejitoa roho mwenyewe. Sasa mjukuu wangu, wewe uliyesoma, hebu niambie. Mimi nitatokea wapi?"

Smaranda alikuwa amepiga hesabu ya upepo, ya jua, ya unyevu, ya uzito wa theluji juu ya paa. Alikuwa amepima upana wa kiti, wa meza, hata wa beseni la kuogea. Hilo la babu yake kulala mabegani mwa watu halikuwahi kumjia. Si kwamba hakuijua desturi. Aliijua tangu utotoni, ila alipokuwa akichora, alikuwa akiwachorea watu wanaoingia tu.

"Nitaivunja kona, Babu. Naapa. Mwamuzi akishakagua Machi, akishaondoka, siku hiyo hiyo naivunja naijenga upya kwa upana. Wewe usife tu kabla ya hapo."

Maneno yalikwisha kumtoka ndipo akayasikia. Bibi Paraschiva akafanya ishara ya msalaba.

"Nitajitahidi," akajibu Mzee Toader.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, lakini nyumba ya kilimani ilikuwa na joto. Kuni zilizokuwa zikiisha kabla ya Februari sasa zilibaki nusu ya banda. Mzee aliivua kofia yake ya manyoya usiku wa kwanza wa theluji, akaitundika kwenye msumari, akawaambia wageni kwamba kichwa chake kilikuwa hakijaona hewa ya usiku tangu aoe. Alimsifu mjukuu wake kwa namna ya wazee, yaani alimsifu akiwa hayupo. Lakini mwisho wa Februari kifua kilimbana. Daktari alikuja kutoka mjini, akamsikiliza mgongo, akamvuta Bibi pembeni. Smaranda akapigiwa simu, akaja na basi la kwanza.

Alimkuta babu yake amelala karibu na jiko, amepungua kama mshumaa wa kanisani. Alimnywesha mchuzi, akambadilishia mashuka, akamsomea magazeti. Lakini palikuwa na kalenda ya watakatifu imetundikwa ukutani, na macho ya Smaranda yalikwenda huko mara kwa mara bila yeye kuyatuma. Mwamuzi alikuwa anakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kila alipojikuta anatazama kalenda aliona haya, na baada ya muda akajikuta anatazama tena.

"Yule mwalimu wako anakuja lini?" Mzee Toader akauliza asubuhi moja, macho yamefumba.

"Ijumaa ijayo, Babu."

"Mbali kidogo."

"Si mbali. Utakuwa umeshapona, utamkaribisha mwenyewe."

"Usinidanganye, mimi si mtoto." Akavuta pumzi, ikachelewa kuja. "Nisikilize. Nikiondoka kabla yake, nitoeni dirishani. Lile la bustanini ni pana. Huko niendako hawamuulizi mtu amepitia wapi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Ukuta wako umenipasha moto baridi nzima. Sitaki uuvunje kwa ajili ya safari ya hatua tatu. Nenda ng'ambo ukasome. Nimeshaongea na bibi yako."

Smaranda alimshika mkono, akaubana. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Ndani kabisa ya moyo wake alishukuru, tena alishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mzee alimjua mjukuu wake. Aliiona shukrani hiyo ikipita usoni pake, akampigapiga mkono, akageukia upande wa jiko.

Mzee Toader alikata roho siku ya Jumanne, kengele za asubuhi zikilia. Bibi Paraschiva alimfumba macho, akafunika kioo kwa kitambaa, akaiweka mikono ya mumewe juu ya kifua. Hakupiga kelele. Alilia huku akifanya kazi, kama ambavyo alifanya kila kitu maishani mwake.

Maziko yalipangwa Alhamisi; wazazi wa Smaranda wasingeweza kuwahi kutoka Italia. Mwamuzi alikuwa anakuja Ijumaa.

Watu walianza kufika kukesha na marehemu, na wote walipita kishorobani. Wanawake waliobeba sinia za ngano iliyopikwa kwa asali waligeuka ubavu kwenye kona. Wazee wenye mikongojo walisubiriana. Bado waliusifu ukuta, wakizitazama zile chupa za rangi, maana mtu haendi msibani kumkosoa mfiwa. Lakini wanaume waliopangiwa kubeba jeneza walizunguka nyuma ya nyumba, wakasimama chini ya dirisha la bustanini, wakaongea kwa sauti ya chini. Smaranda aliwaona. Akajiambia kwamba hayo ni matakwa ya marehemu mwenyewe, na matakwa ya marehemu hayavunjwi. Akajiambia hivyo mara nyingi, jambo linaloonyesha kwamba hakujisadiki.

Jumatano asubuhi alimkuta bibi yake kwenye dirisha lile. Alikuwa akiviondoa vyungu vya maua kimoja kimoja, vyungu alivyovitunza baridi nzima, na kuvipanga sakafuni.

"Unafanya nini, Bibi?"

"Napisha njia."

"Bibi."

"Babu yako alishasema, mwanangu. Usijiumize." Alichukua kitambaa akapangusa vumbi la kizingiti cha dirisha, polepole, kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayemtandikia mwenzake kitanda. "Angalau pawe pasafi."

Hapo Smaranda alishindwa. Alitoka nje kwa kupita kona yake, akasimama kwenye theluji bila koti, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu Jumanne. Alipomaliza alijifuta uso, akapiga moyo konde, akaenda ghalani.

Neculai alimkuta anaburuta mti mrefu wa msonobari.

"Unajenga nini tena, msanifu?"

"Sijengi. Nisaidie, mjomba. Boriti ya paa imelalia ule ukuta. Tukiupiga kabla ya kuitegemeza, paa litatuangukia, tutazikwa na Babu siku moja."

Neculai akanyamaza kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa msiba wa pili. "Ukuta ule gazeti limeusifu."

"Gazeti halina mtu wa kuzika kesho."

"Na mwalimu wako je? Si ungengoja Ijumaa ipite? Mzee mwenyewe karuhusu."

"Ijumaa Babu hatakuwepo," akasema Smaranda. "Shika upande huo."

Alisimamisha miti miwili chini ya boriti, akaikaza kwa kabari mpaka akasikia mbao zinalalamika, ndipo akajua uzito umehama. Aliipima kwa jicho, akaipima tena kwa kamba. Kisha alichukua sululu. Wanaume walikuwa wamekusanyika, na mmoja alinyoosha mkono kumpokea. Alikataa. Pigo la kwanza lilikuwa lake, na la pili, na la tatu. Udongo aliokanda kwa miguu yake mwenyewe majira ya joto ulidondoka vipande vipande, na chupa za rangi zikavunjikia kwenye theluji. Ndani, waombolezaji walisikia kishindo. Bibi Paraschiva alikuja akasimama mlangoni. Alitazama kwa muda. Halafu akarudi ndani, akavichukua vyungu vyake sakafuni, akaanza kuvirudisha dirishani.

Kufikia jioni ilikuwa imebaki njia moja iliyonyooka, kutoka sebuleni mpaka uani, pana ya kutosha watu wawili na mzigo kati yao. Wakatundika blanketi zito kuzuia upepo. Halikuzuia kitu. Baridi ilirudi ndani, na majirani wakaanza kuleta kuni, huyu mzigo, yule mzigo, bila kuombwa. Jiko lilikula usiku ule kuni za wiki nzima.

Alhamisi, Mzee Toader alitoka kwake amelala, miguu mbele, mabegani mwa watu. Hakuna aliyegeuka ubavu wala kuinamisha bega. Kizingitini walisimama, wakaligusisha jeneza chini mara tatu kama ilivyo desturi, mzee aiage nyumba. Boriti ililia kidogo. Smaranda alikuwa amesimama chini yake, mkono juu ya mti alioukaza, na babu yake akapita karibu kiasi cha kumgusa. Akamgusa. Kisha wakaenda naye kilimani, na maombolezo ya wanawake yakawafuata.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, gari lilisimama langoni. Profesa Valeriu Hodor alishuka, koti refu, kamera shingoni. Alilitazama tundu lenye blanketi, kifusi, vipande vya chupa, miti miwili iliyoshikilia paa. Smaranda akamwendea.

"Smaranda, kumetokea nini hapa?"

"Tumemzika babu yangu jana, Profesa. Jeneza lilikuwa halipiti kwenye kona."

Profesa akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Pole sana. Pole sana, binti yangu." Alizungusha macho, akaona pembe ya nyumba, na swali likamtoka kama linavyomtoka mtu wa kazi ile. "Lakini si kulikuwa na dirisha?"

"Lilikuwepo."

Profesa akakitazama kifusi tena. Akahema. "Ungengoja siku moja tu. Ile ilikuwa kazi bora kuliko zote mwaka huu. Sasa niwaandikie nini? Masharti yanasema kazi iwe imesimama."

"Waandikie ulichokiona. Lakini karibu ndani kwanza. Watu wanakula chakula cha marehemu."

Profesa aliyatazama matope yaliyokuwa kati ya lango na nyumba, kisha saa yake. "Nina nyumba nyingine za kukagua leo, na barabara yenyewe hii. Nisamehe."

Blanketi likafunuliwa, Bibi Paraschiva akatoka na sahani ya ngano ya asali. Alivuka matope yote hayo na viatu vyake vya nyumbani, akampa mgeni sahani na kijiko.

"Ndiye huyu aliyekuja kuuona mlango?" akamuuliza mjukuu wake.

"Ndiye, Bibi."

"Ndiyo, mama," akasema Profesa kwa upole. "Nilikuja kwa ajili yake. Ulikuwa mlango mzuri mno. Hasara kubwa."

"Hasara ipi?" akauliza Bibi. "Mwenyewe ameutumia."

Profesa alikula vijiko viwili akiwa amesimama langoni, akashukuru, akarudisha sahani. Gari liligeuza, likateremka kilima. Wiki iliyofuata jina la Smaranda lilikatwa katika mashindano, na ng'ambo akaenda mwingine. Tusijidanganye: iliuma. Alilia kwa hilo pia, na kwa miezi kadhaa hakuweza kushika penseli.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile, gari lilipopotea, alimshika bibi yake mkono, wakavuka matope, wakainua blanketi. Sebule ilikuwa na baridi, na ilijaa watu. Walikaa na makoti yao, ugali ukifuka mvuke katikati ya meza, watoto mapajani, wazee ukutani, Neculai akisimulia jinsi Mzee Toader alivyokwama na jeneza lake, na watu wakicheka huku wakijifuta machozi. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Waliokuwa kwenye benchi walisogea, wakawapa nafasi. Haya yote mtu wa kamera hakuyaona, maana aliishia langoni, na wahenga walikwisha kutuambia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.